Kila nikikabidhi picha, nasubiri siku nitakayoumbuka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mpiga picha, mwanamke wa miaka 31, naishi Morogoro. Nilianza mwaka 2017 na kamera ya kuazima, nikipiga picha za mahafali na ubatizo. Mteja akinipa elfu kumi nashukuru. Leo nina kamera mbili za kwangu, lenzi tatu, flashi mbili, na kijana ninayemlipa anisaidie taa na mizigo. Pasaka ikishapita, hadi Desemba, Jumamosi zangu nyingi zina harusi au sendofu. Kodi ya nyumba nalipa, mdogo wangu yuko chuoni kwa pesa ya kamera hizi hizi. Ukinikuta ukumbini na mikanda yangu miwili mabegani utasema huyu dada kazi yake anaijua.

Mimi sioni hivyo. Najiona mtu aliyebahatisha, na kila Jumamosi nabahatisha tena. Picha ikitoka nzuri, moyoni najua sababu: bi harusi ni mzuri, ukumbi umepambwa, kamera ni ya bei. Watu wakinisifu nawajibu "ni kamera tu," na si unyenyekevu, ndivyo ninavyoamini.

Mwezi wa nane nilipiga harusi moja kanisani. Wiki tatu baadaye mama wa bi harusi akanipigia. Kwa upole kabisa akasema, "Mwanangu, mbona hapa kanisani mtoto amekuwa mweusi hivi? Gauni tunaliona, sura hatuioni." Nilitetemeka. Nikaomba radhi, na kabla hajasema lolote nikamrudishia laki mbili kwenye simu. Usiku ule sikulala. Nilikaa na simu hadi saa tisa naangalia picha za wenzangu wa Dar es Salaam, Nairobi na Lagos, nikajiambia, hawa ndio wapiga picha, wewe unauza nini?

Tangu hapo nimeharibika. Mteja akiuliza bei nataja laki nne badala ya sita, naogopa kuonekana nadai nisichostahili. Tarehe ya kukabidhi inapita kwa sababu picha moja naihariri mara saba. Mwisho nawapa zote, mara ya mwisho zilikuwa 1,460, ili mtu asije akasema kuna nzuri nimeificha. Mwezi uliopita hoteli moja ya hapa mjini iliniomba nipige picha za vyumba vyao, nikasema nina safari. Sikuwa na safari.

Nafikiria kuuza vifaa nifungue duka la vipodozi. Shangazi, niambie ukweli bila kunionea huruma: nina kipaji, au najidanganya na kuwadanganya watu?

Binti wa Morogoro


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana jambo lako si geni kwangu. Kabla sijaanza kujibu barua za watu, mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na studio ya picha Tanga kwa miaka 19. Mikono yangu ilinuka dawa za kusafishia picha hadi wanangu wakawa wanaijua harufu ile kama harufu ya mama yao.

Nitaanza na ile picha ya kanisani, kwa sababu kati ya yote uliyoyaandika ndilo jambo lenye jibu lililonyooka.

Kamera haijui kwamba mbele yake kuna bi harusi. Kipima mwanga kilichomo ndani yake kimetengenezwa kikidhania kwamba vitu vyote mbele ya lenzi, ukivichanganya, vitakuwa na ung'avu wa kijivu cha wastani. Sasa wewe umeweka gauni jeupe lililojaa nusu ya fremu, na nyuma yake dirisha la kanisa linawaka jua la saa nane. Kipimo kinaona mwanga umezidi, kinaupunguza. Gauni linatoka la kijivujivu na sura ya mtoto wa watu inazama. Hapo hukukosa kipaji, uliiachia mashine iamue.

Siku nyingine iamulie wewe. Mtoe bi harusi kwenye dirisha, akae nalo ubavuni badala ya kuligeuzia mgongo. Kama ibada haikuruhusu kumsogeza, pima mwanga usoni kwake, kisha punguza kidogo, kwa sababu ngozi yetu nyingi ni nyeusi kuliko kijivu kile na kipimo kitataka kuing'arisha kupita kiasi. Angalia ile grafu ya mwanga, usiamini kioo cha nyuma ya kamera, kioo kile kinadanganya ukiwa kwenye giza na kinadanganya zaidi ukiwa juani. Na piga faili ghafi, ile inayoitwa RAW, ili gauni likizidi kung'aa uweze kulirudisha baadaye. Flashi ya kupiga darini inasaidia dari likiwa jeupe. Makanisa yenye dari ya mbao iliyokolea yanameza mwanga wote, utapiga hadi betri iishe.

Na ujue kwamba sura nyeusi zilizama kwenye picha kabla wewe hujazaliwa. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilikuwa zikirekebisha mashine zao kwa kadi ya kampuni ya filamu ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kwanza aliyepigwa picha hiyo. Yeye akitoka vizuri, mashine iko sawa. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Mama yule alipokuuliza mbona sura haionekani, aliuliza swali ambalo watu weusi duniani walishaliuliza sana mbele ya picha zao. Ni swali zuri, na sasa jibu lake unalo.

Lakini soma tena maneno yake kama ulivyoniandikia mwenyewe. Mama alizungumzia sura ya mwanawe, wewe ukasikia anakuzungumzia wewe. Hakudai pesa, hakusema hujui kazi. Ulimrudishia laki mbili ili akusamehe kosa ambalo hakuwa amekushitaki. Nina hakika pale alipo anajiuliza zile pesa zilikuwa za nini, na picha yake bado haionekani sura.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliokuwa na shahada kubwa na vyeo, ambao hata hivyo waliamini kwamba wamemdanganya kila mtu na siku moja watafichuliwa. Hali hiyo hawakuiita ugonjwa. Walichokiona ni kwamba mafanikio hayakuwa dawa, kwa sababu kila fanikio lilipewa mwenyewe mwingine: bahati, sura, mtahini aliyekosea kusahihisha. Nawe ndivyo unavyoendesha daftari lako. Picha nzuri unaiandika kwa kamera, kwa ukumbi, kwa uzuri wa bi harusi. Picha mbaya unaiandika kwa jina lako. Kwa daftari la namna hiyo hata ukipiga harusi elfu utaishia na deni.

Nikusimulie yetu. Harusi moja ya miaka ile, mume wangu alipiga rola nzima pale nje ya ukumbi, fremu 36, familia zote mbili zimejipanga, watoto wamenyamazishwa kwa pipi. Usiku nikaingia chumba cha giza. Nilipoitoa filamu kwenye tanki ilikuwa safi kama kioo, haina hata kivuli. Ulimi wa filamu, ile ncha yake, haukushika kwenye kijiti cha kuizungushia upande wa pili wa kamera. Kihesabu kilikwenda moja, mbili, tatu hadi thelathini na sita, na filamu haikusogea hata kidole.

Mume wangu alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akasema kesho tunafunga. Mimi nami niliamini hivyo. Asubuhi tulikwenda kwa baba wa bwana harusi kabla hajatutafuta, tukamwambia jinsi ilivyokuwa. Mzee alinyamaza muda mrefu. Halafu akawageukia watu wa nyumbani kwake, akauliza, "Gauni mlikodi au mlinunua?" Lilikuwa la kukodi na lilikuwa halijarudishwa. Jumapili iliyofuata wakavaa tena, wakasimama mbele ya nyumba chini ya mwembe, wajomba wawili tu hawakuwepo. Picha hiyo ilikaa ukutani kwao.

Sikusimulii kwa sababu ya mwembe. Nakusimulia kwa sababu ya kilichofuata. Kwenye kamera zile kulikuwa na kitufe cha kurudishia filamu upande wa kushoto. Ukivuta filamu na kitufe kikazunguka, filamu inasogea. Kisipozunguka, unapiga hewa. Kuanzia siku ile hakuna rola tuliyoweka bila kutazama kitufe kile, fremu ya kwanza na ya pili. Woga wetu wote wa usiku ule uliingia kwenye vidole, ukawa sekunde mbili za kutazama. Haukubaki kifuani, haukuwa na kazi huko.

Ndivyo ninavyotaka uyapange mashaka yako. Shaka linalotaja kitu, kwamba sura ilizama, kwamba macho hayakuwa makali, kwamba ulichelewa pete ilipovishwa, hilo lisikilize, liandike, lihamishie mkononi liwe tabia. Shaka linalokuja saa tisa za usiku bila kutaja picha yoyote, linalokuambia tu kwamba wewe si kitu, hilo halina la kufundisha. Liulize, picha ipi? Litanyamaza, kwa sababu halikuja na picha.

Na ile simu ya usiku. Zamani ukiingia studio ya mtu uliona makosa yake. Tulikuwa tukilaza vipande vya negativu juu ya karatasi moja, zote 36 zinatoka kwa udogo wake, kisha tunazungushia kwa penseli nyekundu zile za kukuza. Mara nyingi zilikuwa tatu, nne ukibahatika. Zilizobaki, mtu kafumba macho, mtoto kageuka, mkono wa mjomba umekata shingo ya bibi. Karatasi hizo zilining'inia kwenye kamba, vijana waliokuja kujifunza walizipitia na kuona kwamba fundi naye anakosa thelathini apate tatu. Leo karatasi hiyo hakuna anayekuonyesha. Huyo kaka wa Lagos amekuwekea moja iliyozungushiwa penseli nyekundu, wewe unailinganisha na zako 1,460 ambazo umeshinda nazo wiki tatu.

Nimefika hapo kwenye 1,460, na hapa nitakusema kidogo. Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote kwenye barua yako, kuliko hata kupunguza bei. Unadhani kuwapa zote ni ukarimu. Ni kukwepa. Kuchagua ni nusu ya kazi ya mpiga picha. Ukiwapa maharusi picha 1,460 umewarudishia kazi uliyolipwa kuifanya, kwa sababu kusema "hizi ndizo" kunakutisha: ukizichagua, zitakuwa zako, na mtu akizikataa atakuwa amekukataa wewe. Najua. Lakini maharusi hawa hawajui kuchagua. Watafungua, watapitisha kidole hadi wachoke, na ile uliyoipata kwa sehemu ya sekunde, baba akifuta machozi kwa kiganja, itapotea kati ya picha arobaini za keki.

Bamako, Mali, alikuwepo mpiga picha aitwaye Seydou Keïta. Alifungua studio yake mwaka 1948. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Moja. Nyuma yake aliweka shuka la kitandani, mbele mwanga wa jua. Kila kitu alikiamua kabla: kidevu kiinuke kiasi gani, mkono ukae wapi, bangili zionekane. Picha zake zilipofika New York mwaka 1991 zilitundikwa bila jina, hawakumjua aliyezipiga, na mwaka 1994 zikapewa maonyesho yake mwenyewe Paris. Sikuambii ungoje Paris. Ninachotaka ukione ni kwamba picha zile zilikuwa zimeshamaliza kazi yake siku mteja alipokuja kuchukua nakala yake na kuipeleka nyumbani. Na Keïta hakuwa na fremu ya pili ya kujificha nyuma yake.

Kwa hiyo harusi ijayo utaandika kabisa kwenye makubaliano: picha 350, siku 21, salio kabla ya kukabidhi, bei laki sita. Siku ya kuchagua jiwekee muda, jioni mbili, na picha ambayo umeihariri mara mbili iache. Ya tatu hadi ya saba huhariri picha, unahariri wasiwasi.

Kisha uchukue harusi zako tatu za mwisho, utoe picha 40, kati ya hizo usafishe 12 kwenye karatasi. Ziwe kubwa kama daftari la shule, si kwenye simu. Zitandaze sakafuni. Mwite mpiga picha mmoja aliyekuzidi umri kazini, awe mtu asiyekuonea wivu na asiyekupenda sana. Usimwulize kama ni nzuri. Swali hilo halina faida, atajibu ndiyo nawe hutamwamini. Mwulize, "Ungetoa ipi?" Atatoa mbili au tatu na atakuambia kwa nini. Umepata somo. Na zile tisa au kumi ambazo hakuzigusa zitabaki pale sakafuni, utakaa nazo, na itakubidi useme ni nani aliyezipiga, maana kamera haikwenda kanisani peke yake.

Hoteli wapigie kesho. Waambie safari imekwisha. Chumba hakifumbi macho wala hakina mama wa kupiga simu, ukiwa na stendi yako ya kamera ya miguu mitatu na mwanga wa asubuhi unaweza kurudia hadi mstari wa mlango usimame wima. Kama unaogopa, omba kuanza na chumba kimoja cha majaribio, kisha wao waamue. Huwezi kuwakatalia kwa niaba yao.

Umeniuliza kama una kipaji. Sijaona picha zako, na hata ningeziona nisingejibu, kwa sababu miaka 19 sikuwahi kuona mteja akija kuchukua kipaji. Walikuja kuchukua picha. Kinachoonekana kwenye barua yako ni kwamba tangu 2017 watu wa mji mmoja, wanaojuana, wanaopeana namba kwenye vikao vya kamati, wanaendelea kukuita. Watu wa kamati za harusi hawatoi pesa kwa huruma, wewe mwenyewe unawajua. Duka la vipodozi kama unalipenda fungua, ni biashara halali. Lakini usiuze kamera katikati ya msimu, wala usiiuze kwa sababu ya usiku mmoja. Ikifika Kwaresima na kazi zimepungua, na bado moyo wako hautaki kamera, tutazungumza tena. Na kama kukosa usingizi kunaendelea wiki hadi wiki, hadi chakula hakishuki, nenda hospitali ukaonane na mshauri, hilo ni jambo la kutibiwa na si la kuvumiliwa.

Mwisho, yule mama. Lile faili la kanisani bado unalo. Lifungue, ongeza mwanga kwenye vivuli vya usoni taratibu, punje za picha zikianza kuonekana simama hapo hapo, shusha kidogo ung'avu wa gauni. Isafishe kwenye karatasi nzuri, uitie kwenye bahasha ngumu isikunjike, uipeleke mwenyewe nyumbani kwake. Muamkie, mpe, mwache aiangalie yeye kwanza. Akikushukuru, sema "asante mama," na usiongeze neno lolote kuhusu kamera.

Shangazi